Vidonge vya sahani: fosforasi kwa mgonjwa anayesafishwa damu

Shangazi yangu wa Mikindani aliniwekea karatasi mbili za maabara juu ya mkeka, akazinyoosha kwa kiganja ili zisijikunje. Ya kwanza ilitoka Dar es Salaam, alikoanzia kusafishwa damu kabla ya kurudi nyumbani. Kwenye mstari wa fosforasi iliandikwa 5.9. Ya pili ilikuwa ya Mtwara, na mstari uleule ulisomeka 1.9.

"Imeshuka, mwanangu," akasema. Nilikuwa sijamwona na uso mkunjufu namna ile kwa miezi. "Tena imeshuka mno. Vile vidonge vyao vya chokaa nimeviweka kando."

Binti zake walikwisha kuchinja kuku.

Ikanibidi nimwambie kwamba hakuna kilichoshuka. Maabara moja hupima fosforasi kwa miligramu katika desilita ya damu, nyingine kwa milimoli katika lita. Ni ufuta uleule, huku umepimwa kwa debe, kule kwa kilo. Ukiwa na namba ya miligramu na unaitaka ya milimoli, igawe kwa 3.1. Gawa 5.9 kwa 3.1, unapata 1.9. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni kati ya 0.8 na 1.5 kwa milimoli, au 2.5 hadi 4.5 kwa miligramu, na maabara hutofautiana kidogo tu. Shangazi alikuwa amevuka mstari kule Dar es Salaam, na alikuwa ameuvuka vilevile hapa Mtwara. Tofauti ni kwamba sasa hakuwa anameza dawa.

Siku ile sikumlaumu yeye wala maabara. Nilijilaumu kwa kuwa nilikuwa nimemsindikiza kliniki mara nyingi bila kuuliza vile vidonge vina kazi gani. Na tangu huduma ya kusafisha damu ipatikane huku Kusini, pale Mitengo kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda, mazungumzo ya figo yamehamia barazani. Kila mtaa una mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, na kila mmoja ana lake la kusema kuhusu vidonge hivi. Wapo wanaosema ni vya mifupa, wapo wanaosema ni vya kiungulia, na wapo wanaosema mwenye kwenda kwenye mashine hana haja navyo. Makala haya yanajaribu kukata fundo hilo.

Fosforasi yenyewe

Tuanze na jina, kwa sababu huku kwetu linachanganywa na jina jingine. Fosforasi si salfa. Salfa ni ule unga wa manjano unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Fosforasi mkulima anaikuta kwenye mbolea: ile DAP ya kupandia imejaa fosforasi, na kwenye mfuko ulioandikwa NPK, herufi P ndiyo yenyewe. Herufi K ni potasiamu, nayo ni habari nyingine kwa mgonjwa wa figo. Hizi mbili zisichanganywe. Potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo kwa siku moja. Fosforasi ikizidi hufanya kazi yake polepole, kwa miezi na miaka, bila kelele.

Wala fosforasi si sumu. Mwili wa mtu mzima una kama gramu 700 za fosforasi, na karibu asilimia 85 ya hiyo imo kwenye mifupa na meno, imeshikana na kalsiamu. Iliyobaki imo ndani ya seli, inasaidia kutengeneza nguvu. Kwenye damu inazunguka kidogo sana. Tunaipata katika chakula, hasa chenye protini: samaki, nyama, maziwa, kunde, mbaazi, karanga, korosho.

Mwaka 1669, huko Hamburg, Ujerumani, mtu aitwaye Hennig Brand alichemsha mkojo mwingi akitafuta njia ya kupata dhahabu. Dhahabu hakuipata. Alichopata ni kitu kilichong'aa gizani, na hicho ndicho kikaja kuitwa fosforasi. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kina jibu la swali letu lote ndani yake. Fosforasi ilikuwa na kazi gani kwenye mkojo? Ilikuwa inatupwa. Figo zima huichukua fosforasi iliyozidi kila siku na kuitoa kwa mkojo. Figo zikifa, mlango huo unafungwa, na chakula kinaendelea kuingia kama kawaida.

"Si nasafishwa mara tatu kwa wiki?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi, na ni swali la haki. Mtu anatoka Tandahimba au Kilwa, anaunganishwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne, anarudi nyumbani hoi. Kwa nini tena vidonge?

Kwanza lile neno "kusafisha figo" linatupotosha. Mashine haiigusi figo. Inachukua damu, inaipitisha kwenye kichujio chenye nyuzi nyembamba, na kuirudisha mwilini. Kinachosafishwa ni damu, na husafishwa kwa saa 12 katika wiki yenye saa 168. Figo zilikuwa zinafanya kazi usiku na mchana bila kupumzika.

Sasa tupige hesabu, na ni hesabu ya makadirio tu, maana miili haifanani. Mlo wa kawaida wa mtu mzima huwa na kama miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku. Utumbo hunyonya kama 600 kati ya hizo, nyingine hutoka na choo. Kwa wiki ni miligramu 4,200 zilizoingia kwenye damu. Mashine kwa saa nne hutoa kati ya 600 na 1,000. Tuseme 800. Mara tatu kwa wiki, 2,400. Zimebaki 1,800, na wiki ijayo zinaongezeka nyingine.

Kwa nini mashine isitoe zaidi? Aliyewahi kuishi juu kule Newala, enzi za kuamkia kisimani, ataelewa haraka. Unafika alfajiri kisima kina maji, unachota ndoo mbili tatu, kinakauka. Si kwamba maji yameisha ardhini. Yamejificha kwenye udongo na yanachuruzika taratibu, na wewe una ndoo yako na huna la kufanya ila kungoja. Ukirudi jioni kisima kina maji tena. Fosforasi ndivyo ilivyo. Ile iliyo kwenye damu mashine huichota haraka katika saa za mwanzo. Sehemu kubwa iko ndani ya seli na kwenye mifupa, na hutoka kwa mwendo wake. Mgonjwa akishatoka kwenye kiti, katika saa chache zinazofuata fosforasi huchuruzika kurudi kwenye damu. Ndiyo maana kupunguza saa za mashine, "nitoe dakika 30 mapema nesi, niwahi basi", kunamuumiza mgonjwa kwenye fosforasi kuliko anavyodhani.

Inakokwenda ile iliyobaki

Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nne ndogo, kila moja yapata ukubwa wa punje ya mchele, zinaitwa parathairoidi. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Fosforasi ikipanda, na figo zikiwa haziwezi tena kuandaa vitamini D ipasavyo, tezi hizi huchachamaa. Homoni yake inakwenda kwenye mifupa na kuiamuru itoe kalsiamu. Mifupa inatoa, na inapotoa kalsiamu inatoa na fosforasi. Mgonjwa anaanza kuumwa nyonga na mbavu, anavunjika kwa kujikwaa tu kwenye kizingiti.

Kalsiamu na fosforasi zikishajaa pamoja kwenye damu, hukamatana na kutua pasipostahili. Chungulia ndani ya birika lililochemshiwa maji ya kisima cha pwani kwa mwaka mzima. Ule ukoko mweupe mgumu uliogandia ukutani ndio mfano wa kinachotokea kwenye mishipa ya damu na vali za moyo. Birika unaweza kulikwangua. Mshipa haukwanguliki. Magonjwa ya moyo ndiyo yanayoongoza kuwaua watu wanaosafishwa damu, na ukoko huu una mchango wake.

Na muwasho. Shangazi alikuwa anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi inachubuka, usiku hasa. Majirani walisema ni upele, mmoja akasema amerogwa, mwingine akaleta majani ya kuogea. Muwasho kwa mgonjwa wa figo una sababu nyingi na si kila anayejikuna ana fosforasi nyingi, lakini fosforasi ni mojawapo ya mambo ya kuangalia kwanza. Kinyume chake ni kweli vilevile, na ni cha hatari zaidi: wengi ambao fosforasi yao imepanda hawasikii chochote. "Mbona mimi mzima?" si kipimo. Kipimo ni karatasi ya maabara, tena namba isomwe pamoja na kipimo chake, ni miligramu au ni milimoli.

Dawa inayofanya kazi kabla ya damu

Sasa tumefika kwenye vidonge. Tuziite dawa za kukamata fosforasi, maana ndilo jina linaloeleza kazi yake. Dawa nyingi tunazozijua humezwa, huingia kwenye damu, na huko ndiko hufanya kazi. Hizi sivyo. Kazi yake huifanyia tumboni na kwenye utumbo, katikati ya chakula. Kidonge kinakutana na fosforasi iliyomo kwenye tonge, kinashikamana nayo, na viwili hivyo vinatoka pamoja na choo bila fosforasi hiyo kuigusa damu.

Fosforasi iliyokwisha ingia kwenye damu kidonge hakiifuati. Ndiyo maana nimeviita vidonge vya sahani.

Hapo ndipo kosa la wengi lilipo. Shangazi alikuwa akimeza vyote sita kwa mkupuo, saa nne usiku, kwa funda la maji, kabla ya kulala. Alikuwa mwaminifu kabisa, hakukosa siku hata moja. Lakini mvuvi anayetupa wavu wakati kundi la samaki limeshapita atauvuta mtupu kila siku hata awe hodari vipi. Wali na samaki aliokula saa mbili ulikuwa umeshaanza safari, na vidonge vikaingia kwenye tumbo lisilo na chakula. Na kwa vidonge vya kalsiamu hasara ni mara mbili: bila chakula havikamati fosforasi, na kalsiamu yake inanyonywa bure kuingia kwenye damu, kuongeza ule ukoko wa birika.

Kwa hiyo: pamoja na chakula. Si saa moja kabla, si wakati wa kulala. Wengine humeza tonge la kwanza likishapita, wengine katikati ya mlo, na daktari akikugawia viwili viwili anakusudia milo mitatu. Kama mlo wako mkubwa ni wa mchana na asubuhi unakunywa chai ya rangi tu na kipande cha muhogo, mwambie daktari, kwa sababu vidonge vinapaswa kugawanywa kwa kufuata uzito wa mlo. Umesahau na bado unanawa mikono? Meza. Umekumbuka baada ya saa mbili? Achana navyo, na usivifidie kwa kumeza maradufu mlo unaofuata. Mlo ukirukwa, na kidonge kinarukwa.

Siku za mashine na siku zisizo za mashine ni sawasawa. Nimewasikia wanaomeza siku za kupumzika tu wakidhani siku nyingine mashine inawatosha. Ukila, fosforasi imeingia, iwe Jumatatu au Jumapili.

Ramadhani inaleta swali lake. Mgonjwa anayesafishwa damu asianze kufunga bila kuongea na daktari wake, na dini yenyewe imempa ruhusa aliye mgonjwa. Lakini akishakubaliana na daktari, vidonge vinahamia kwenye futari na daku, kwa sababu vinafuata chakula, na sahani ya futari ya kwetu, kunde za nazi, tambi na samaki juu yake, ni sahani nzito.

Aina zake, kwa kifupi

Ya zamani na ya bei nafuu ni kalsiamu kaboneti. Hapa ndipo jina la "vidonge vya chokaa" linapotoka, na si uongo: kemikali hiyo ndiyo iliyomo kwenye mawe ya matumbawe yanayochomwa kupata chokaa, kwenye makombe ya baharini na kwenye maganda ya mayai. Ndiyo pia inayotumika kama dawa ya kiungulia na ya kuongeza kalsiamu, na kwa sababu hiyo boksi lake linamchanganya msomaji. Anaona picha ya mfupa anadhani kapewa dawa ya mifupa. Anaona mifupa haimuumi, anaacha. Nimeulizwa pia kama mtu anaweza kusaga maganda ya mayai akalamba. Asifanye. Hajui amelamba kiasi gani, na kalsiamu ikizidi ina madhara yake. Yupo na ndugu yake kalsiamu asiteti, anayekamata vizuri zaidi kidogo kwa kalsiamu pungufu.

Madaktari sasa wanajitahidi kutozidisha dozi za kalsiamu, kwa sababu ya mishipa. Hapo huingia sevelama, ambayo haina kalsiamu wala madini mengine ndani yake, na hainyonywi kwenda kwenye damu. Humezwa nzima bila kutafunwa, na bei yake ni kubwa kuliko ya kalsiamu, kwa hiyo uliza habari ya bima kabla hujaondoka dirishani. Ipo lanthanamu kaboneti ambayo, tofauti na sevelama, ni lazima itafunwe mpaka isagike. Zipo zenye chuma, ambazo huufanya choo kuwa cheusi; asiyeambiwa hushtuka akidhani anavuja damu tumboni. Na Oktoba 2023 Marekani iliidhinisha tenapanori, ambayo haikamati chochote bali huziba upenyo ambamo fosforasi hupita kwenye ukuta wa utumbo.

Alumini nayo ilitumika zamani. Inakamata fosforasi barabara, lakini kwa mtu asiye na figo ilirundikana na kuharibu ubongo na mifupa, na madaktari wakaiacha kwa matumizi ya muda mrefu. Ninaitaja kwa sababu bado imo kwenye dawa nyingi za kiungulia zinazouzwa kwenye maduka ya dawa bila cheti, mara nyingi pamoja na magnesiamu, ambayo nayo hurundikana. Mgonjwa wa figo mwenye kiungulia asijinunulie. Vivyo hivyo na dawa za kusafisha tumbo zilizotengenezwa kwa fosfeti: hizo ni kummiminia fosforasi mtu anayeikimbia.

Usumbufu wa kawaida wa dawa za kukamata fosforasi ni choo kigumu, gesi na kichefuchefu. Choo kigumu kisidharauliwe, kwa kuwa kwa mtu asiye na mkojo utumbo ndiyo njia aliyobakiwa nayo ya kutoa sehemu ya potasiamu. Sema kliniki, utapewa dawa ya kulainisha inayokufaa.

Jambo jingine dogo lenye uzito: wavu huu haukamati fosforasi peke yake. Unakamata na dawa nyingine. Siprofloksasini (dawa ya kuua bakteria), dawa ya tezi ya shingo, vidonge vya damu vyenye chuma, na dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri zinaweza kunaswa zisifanye kazi. Dawa zote unazotumia zitaje kwa daktari, hata zile unazozionea haya, ili mfamasia akupangie saa.

Na sahani yenyewe

Kidonge kina kikomo. Gramu moja ya kalsiamu kaboneti, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, hukamata kama miligramu 40 za fosforasi. Konzi moja ya korosho, gramu 30 hivi, ina kama miligramu 170. Ndiyo maana "nitameza kidonge nile nitakacho" haijibu hesabu. Naliandika hili nikijua ninaandika kutoka Mtwara, msimu wa mavuno korosho ziko kila nyumba, zinabanguliwa uani, na bibi anaonja moja moja mpaka konzi tatu zimekwisha bila kuhesabika kama mlo. Hakuna anayemeza kidonge kwa ajili ya kuonja.

Lakini tusitie chumvi upande wa pili. Fosforasi ya mimea, ya mbaazi, kunde, ufuta na korosho, imefungiwa ndani ya kitu kiitwacho faiteti, na utumbo wa binadamu hauna ufunguo wake. Tunanyonya pengine nusu yake, mara nyingi pungufu ya hapo. Ya samaki na nyama tunanyonya zaidi. Ya viwandani, ile fosfeti inayotiwa ili chakula kidumu, kilainike au kiwe na ukali, tunainyonya karibu yote. Mgonjwa amekatazwa mbaazi za nazi alizozizoea tangu utotoni, na papo hapo anateremshia soseji kwa soda nyeusi ya kola, akiamini hivyo ni vyepesi. Amepindua mambo. Mbaazi chache zilizochemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa kisha zikaungwa, zinaweza kuzungumzika na mtaalamu wa lishe. Soseji haina utetezi.

Fosfeti ya kiwandani haiandikwi kiasi chake kwenye pakiti. Soma orodha ya viungo, utafute neno lolote lenye herufi P-H-O-S zikifuatana, au alama kama E338, E339, E340, E341, E450, E451 na E452. Unga wa kuumulia wa kopo una fosfeti katika aina nyingi. Maandazi ya hamira ni afadhali.

Halafu kuna wanaoogopa kiasi cha kuacha samaki kabisa. Hao nawahofia zaidi. Mtu anayesafishwa damu anahitaji protini nyingi kuliko alivyohitaji kabla ya mashine, kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa sababu mashine inachukua na nyingine inatumika. Mwenye kuacha protini hushusha fosforasi na hushuka naye, anavimba, vidonda havifungi. Kinachotakiwa ni kuchagua: mnofu wa changu badala ya dagaa waliotafunwa na mifupa yao, maana ndani ya mifupa ndimo fosforasi iliko. Ute mweupe wa yai una protini nzuri na fosforasi kidogo mno, karibu yote imo kwenye kiini. Shangazi siku hizi huchemsha mayai mawili, viini vinakwenda kwa mjukuu, yeye anabaki na weupe na pilipili ya ndimu.

Na mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula, anayekula vijiko viwili vitatu, asiendelee kumeza vidonge vilevile kwa mazoea. Fosforasi inaweza kushuka kupita kiasi, nako kuna udhaifu wa misuli na hatari zake. Dozi hupandishwa na kushushwa kwa kufuata vipimo vya damu, kwa kawaida kila mwezi hadi miezi mitatu, pamoja na kalsiamu na ile homoni ya parathairoidi. Kabla hujaondoka kliniki uliza maswali mawili: fosforasi yangu ni ngapi, na imepimwa kwa kipimo gani. Andika yote mawili kwenye daftari moja, na tarehe.

Shangazi ana daftari lake sasa, la mistari, limefungwa kwa uzi pamoja na kadi ya bima. Vidonge havikai tena kabatini kando ya kitanda. Viko jikoni, kwenye kikopo kilichokaa juu ya kikopo cha chumvi, ili anayepakua chakula asiweze kuichukua chumvi bila kukishika. Juzi tulikuwa kwenye harusi Chuno. Sinia la pilau lilipotua katikati yao, wanawake wenzake wakanawa, na yeye akavuta pindo la khanga yake, akafungua fundo alilozoea kufungia nauli, akatoa viwili.

"Karibuni," akasema, akakimeza cha kwanza na tonge la kwanza.